Chupa Niliyoipeleka Ofisi ya Mazingira

Bata wetu wanne walikufa asubuhi moja, vichwa vyote ndani ya mto, kama watu waliodondosha kitu wakawa wanakitafuta.

Mama akasema ni dawa ya nyanya ya Rubeni. Bustani yake iko juu yetu, na mto ni huohuo.

Nikatumwa mimi kwenda Lushoto mjini kushtaki. Siyo kwamba najua kuongea. Niliishia darasa la tano, na mbele za watu sauti hunikauka. Ila mama alikuwa na kazi yake ya chupa.

Ofisi ya mazingira nilimkuta afisa anaitwa Sharifu, mtu wa Tanga, amevaa koti zito mwezi wa pili.

Nikampa shikamoo, akaitikia.

Akanisogezea fomu. Nikajaza jina, kijiji, bata wanne. Penye jina la mchafuzi nikaacha.

"Dada, hapo hapaachwi wazi. Fomu itarudishwa."

Nikaandika Rubeni.

Akasema gari halina mafuta, kwa hiyo maji ya kupima nilete mwenyewe kwenye chupa safi. Kesho yake nikapeleka. Akabandika karatasi, akagonga muhuri, chupa ikaenda maabara.

Baada ya wiki tatu majibu yakarudi, pamoja na chupa. Sumu ya wadudu, nyingi mno.

Sharifu akapanda na pikipiki hadi kijijini. Mwenyekiti akaitisha mkutano. Rubeni akaambiwa azime pampu yake ya kumwagilia na asilime bondeni msimu mzima. Nyanya zake zilikuwa kwenye maua, na nyumba ile haina shamba lingine. Mkewe alikaa chini, anang'oa majani bila kuyaangalia.

Rubeni hakubisha. Alinigeukia tu.

"Mwanangu, uliniona nikimwaga?"

Nilikuwa naangalia chupa. Sharifu alikuwa ameiinua juu kama kombe la mpira ili kila mtu auone ushahidi.

Lebo ya kiwandani haikuwepo, lakini kile kifuniko chekundu nilikijua.

Mama hukusanya chupa tupu za dawa mashambani, anaziosha, anawauzia watu wa mafuta ya taa sokoni. Ile alinichagulia mwenyewe. Aliisugua kwa majivu mara tatu.

Nikasimama.

"Chupa ni yetu," nikasema. "Ilikuwa ya dawa."

Mama akanikazia macho. Sharifu akaishusha chupa taratibu, akajifuta mkono kwenye koti.

"Mama, hizi chupa unaziosha wapi?"

Mama akaonyesha kwa kidevu. Mtoni. Palepale walipofia bata.

Safari hii Sharifu alichota maji mwenyewe, kwa chupa za maabara. Kwa Rubeni yalikuwa safi. Kwetu hayakufaa hata kunawa miguu.

Pampu ikawashwa. Ila fomu yangu haikuwa na utaratibu wa kufutwa, ikabidi nijaze nyingine. Bata wanne. Penye mchafuzi nikaandika jina la mama.

"Huyu ni nani wako?" Sharifu akauliza.

"Mama yangu."

Akagonga muhuri.

Siku hizi mama anauza karoti. Nyanya zilipoiva, Rubeni alituletea tenga zima. Mama aliziosha mara tatu.

Ndugu yangu unayesoma, kabla hujapeleka ushahidi, nusa kwanza chombo ulichoubebea.