Nilimlilia Kadzo Akiwa Hai

Nilikosa, na nilikosa nikijua. Tuanzie hapo, maana nimechoka na watu wanaoungama huku wakijipangusa. Mimi nilimwimbia mtu mzima, mwenye pumzi zake, wimbo wa maiti. Tena nikakata kiuno!

Msinipe pole. Pole mpeni Kadzo.

Tulikuwa wafanyakazi wa nyumba moja Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, miaka ile ambayo kila kona ya Mombasa ilikuwa na wakala wa kupeleka wasichana Saudia. Mimi nilipika. Kadzo alifua, akapiga pasi, akamtunza mama mzazi wa madam. Mimi mtoto wa Majengo, baba wa huku na mama wa kule, ngoma ya kwetu siijui hata nikipigiwa sikioni. Kadzo ni Mgiriama wa Kaloleni, na za kwao alizijua tangu mgongoni kwa mama yake.

Mama yake Kadzo alifariki tukiwa huko. Habari ilikuja kwa simu asubuhi, Kadzo anaanika mashuka. Akamwendea madam analia, akaomba ruhusa aende akazike. Madam hakuinua hata macho kwenye kahawa yake.

"Mafi safar, hakuna safari, Kadzo. Watazika wao. Halas."

Halas, yaani yamekwisha! Mama wa mtu! Na pasipoti iko kwa kafili, mwajiri aliyekudhamini, utakwenda wapi? Kadzo akarudi kwenye mashuka yake. Mpaka leo nikiikumbuka ile kahawa natamani ningeimwaga.

Basi akabaki na kitu kimoja tu. Kwao kuna matanga mabichi, ya siku za maziko, na kuna matanga mabivu, yanayofanywa baadaye ukoo ukishajipanga. Katika hayo mabivu, nyumbani kwao, binti mkubwa ndiye huanzisha wimbo wa kumlilia mama yake, akimtaja kwa jina. Kadzo ndiye binti mkubwa. Ndugu zake wakampigia simu wakamwambia, dada, tutakungoja umalize mkataba. Maziko yalimpita, lakini wimbo ulikuwa bado wake.

Akawa anauimba peke yake akipiga pasi, asije akausahau. Ni wa Kigiriama, ila kwa Kiswahili ni kama kusema: Dama ashuka mlima, mwiteni, hageuki. Dama ndilo jina la marehemu. Mimi niko jikoni na vyombo vyangu, mlango wazi, nikashtukia mguu wangu unapiga chini. Wimbo ulikuwa mtamu, wallahi! Nikaanza kuufuatisha.

Kadzo akaweka pasi chini.

"Huu si wa kuchezea, mwenzangu," akaniambia. "Huu huimbwa mtu amekufa. Usiuimbe ovyo."

"Wimbo ni wimbo, Kadzo."

Nilisema hivyo. Nikacheka na kucheka!

Kiangazi kilipoingia familia ya madam ikahamia Jeddah kwa likizo, kufuata bahari, nasi tukabebwa pamoja na masanduku. Kule, siku madam aliponituma sokoni Balad kununua viungo, nikakutana na wanawake wa Kenya wakichagua vitambaa. Kiongozi wao alikuwa nesi tuliyemwita Sista, mwenye mkataba wa hospitali na uhuru wa kutoka atakapo. Alikuwa akiandaa siku ya utamaduni. Alikuwa amekodi istiraha, nyumba ya mapumziko yenye ua na ukuta mrefu. Wanawake peke yao, simu zinaachwa mlangoni, na kila kundi lilete ngoma ya kwao.

"Coast mtaleta nini?" Sista akaniuliza. "Mwaka jana mlituboesha na hiyo chakacha yenu ya kila harusi. Leteni kitu original, bana."

Nami nikajikuta nasema, "Niachie mimi."

Niachie mimi! Mtu asiyejua ngoma ya babu yake!

Wagiriama wenzake Kadzo sikuwatafuta, nilijua watanikataza. Nikachagua wa mjini kama mimi, wasiojua na wasiotaka kuuliza. Mazoezi tulifanya kwa kutumiana sauti kwenye simu, kila mmoja amejifungia chooni kwa kafili wake, bomba limefunguliwa ili madam asisikie. Nikanunua kitambaa cheupe, nikashona hando, zile sketi za marinda za wanawake wa Kigiriama. Walinisifu, nikavaa kilemba cha ukoka kikanikaa vizuri.

Sasa sikilizeni ubaya wenyewe. Wimbo ule unataka jina. Jina la Dama sikuthubutu kulitaja, adabu hiyo nilikuwa nayo. Nikasema, kwa kuwa wimbo umetoka kwa Kadzo, nimtaje Kadzo, iwe heshima yake, ashtukie anaitwa mbele ya watu. Sijui akili ilikuwa imekwenda wapi. Nilikuwa nimeambiwa wimbo ule ni wa nini! Na msinifanye mwema, haikuwa heshima tu. Nilitaka kushangiliwa.

Kadzo mwenyewe hakutaka kwenda. Alikuwa bado na huzuni yake. Nikambembeleza, twende ule angalau ugali wa watu, usikie lugha za nyumbani. Akaniuliza tutacheza nini. Nikamwambia chakacha. Madam alikubali tutoke Ijumaa ya sherehe baada ya chakula cha mchana, turudi magharibi.

Ilikuwa siku nzuri, naweza kusema hivyo bila kudanganya. Wakamba waliruka mpaka mazulia yakakunjika. Waluhya walipiga ndoo na sufuria badala ya ngoma, na wanawake ambao Jumamosi hadi Alhamisi huitwa kwa kupigiwa makofi walikuwa wanaitwa kwa majina ya koo zao. Kadzo aliketi mbele, sahani mapajani. Nilimwona akicheka. Ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokipata mimi.

"Coast!" akaita Sista. "Coast iko wapi?"

Tukatoka na hando zetu, vigelegele juu. Nikaanzisha. Kadzo ashuka mlima, mwiteni, hageuki! Wenzangu wakapokea. Kadzo ashuka mlima! Tukazunguka, tukarusha marinda, watu wakasimama kupiga makofi.

Mama mmoja Mgiriama wa Kilifi, mpishi wa watu huko huko Jeddah, akaja mbio kutoka nyuma akainyakua ndoo tuliyokuwa tunapigia.

"Nyamazeni!" akapiga kelele. "Nani amekufa? Kadzo ni nani? Amekufa lini?"

Yule mama akatutazama mmoja mmoja, anangoja ajibiwe, machozi tayari yanamlenga. Alidhani ni kweli. Alidhani kuna msichana mwingine wa kwao amekufa katika nchi ile, maana tulikuwa tukisikia habari za wanaorudishwa ndani ya masanduku, na hakuna aliyekuwa na hakika kama hatakuwa yeye.

Kadzo akaweka sahani chini. Hakunipigia kelele, na ningelipa ili nipigiwe.

"Nilikwambia," akasema.

"Kadzo, nilitaka kukufurahisha..."

"Nilikwambia."

Akaenda kukaa mlangoni penye simu mpaka saa ya kuondoka. Sista akanishika bega akasema, "Relax, ni song tu." Ni song tu! Nilitaka kumzaba kofi, kisha nikakumbuka hilo ni neno langu mwenyewe.

Mjue adhabu ya kulala chumba kimoja na mtu asiyekusemesha. Tulirudi Riyadh, tukala jiko moja, tukamgeuza mama wa madam kitandani mmoja huku mmoja kule, na neno halitoki. Nilimwomba msamaha kwa magoti. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja nguo. Na kupiga pasi akapiga, ila kimya. Wimbo hakuuimba tena hata siku moja. Mimi mpumbavu nikadhani ananinyima mimi.

Mikataba ikaisha, tukarudi Kenya. Niliposikia matanga ya mama yake yamefika, nikafunga safari hadi Kaloleni na mfuko wa sukari, bila kualikwa. Nikaketi nyuma kabisa kwa wanawake. Ulipofika wakati, Kadzo akasimama. Watu walikuwa wamemngoja kweli, miaka, kwa ajili ya jambo hilo moja. Akafungua kinywa. Akataja, "Da..." akanyamaza. Akajaribu tena. Jina halikutoka, akaketi.

Wimbo ukaanzishwa na binti wa mjomba wake. Shangazi yake, asiyenijua mimi ni nani, akaninong'oneza, "Mtoto kaharibiwa huko Arabuni. Anasema kila akitaka kumtaja mama yake, anasikia jina lake mwenyewe."

Nilitaka ardhi inimeze. Haikunimeza, ilinibidi kukaa pale nikisikiliza mpaka mwisho!

Baadaye Kadzo akanifuata penye njia. Hakuwa na hasira usoni. Hasira ninayo mimi, mpaka leo.

"Sukari tumeipokea, ahsante," akasema. "Lakini nisikilize. Mimi ulishanilia Jeddah. Siku yangu ikifika, usije."

Kwetu Pwani mtu hukatazwa harusi, akanuna, akasahau. Kukatazwa msiba je?

Basi nyinyi mnaoshona mavazi ya makabila ya watu kwa ajili ya sherehe, huko Uarabuni au hapa nyumbani, ngoma ina mwenyewe. Muulizeni. Akisema hii haichezwi, keti chini, hata kama kundi lako halina kitu cha kuonyesha. Aibu ya kukosa ngoma huisha siku ile ile. Na akija mtu kukwambia wimbo ni wimbo tu, mlete kwangu nimweleze. Kadzo ni mzima, anauza nazi sokoni Kaloleni, anacheka na wateja wake, na mimi nimekatazwa kumzika.