Nyuki Kwenye Gauni

Nilipokuwa mtoto hatukuwa na riwaya za upelelezi. Mjukuu wangu anazo tele, zile ambazo mpelelezi wake ni mchawi: anasoma nyayo za watu mchana kweupe, anaongea na mizimu, na mwisho wa kitabu anawakusanya wote sebuleni na kumnyooshea mwizi kidole. Juzi aliniletea moja. "Susu, soma hii, utaogopa," akaniambia, maana Susu kwetu ni bibi. Niliisoma kwa siku mbili. Sikuogopa. Nililia, na kijana wa watu akadhani macho yananiuma.

Yetu ilitokea Matinyani, Wazungu wakiwa bado wanatawala, mimi nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa mkubwa wa boma letu, mtu mkali lakini mnyoofu. Mdogo wake, Muthoka, alikuwa ameoa msichana wa Tseikuru aitwaye Mwende, na katika mahari yake kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu: kithembe cha asali, chombo cha mti chenye mfuniko wa ngozi, kipelekwe kwa wazee wa kwao wapikie pombe. Kilikaa ghalani kwa Susu, mama yake Baba, naye alitukataza kukisogelea.

"Hii ni asali ya mahari," alisema. "Mtu akiionja kabla wazee hawajaibariki, nyuki watamtafuta."

Niliionja. Sina sababu ya kukupa, ila ilikuwa asali na mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilipanda ghalani saa sita mchana, watu wakiwa shambani, nikachovya kidole kimoja. Siku ya pili nikachota kwa kiganja. Mikono niliifutia kwenye gauni langu, ambalo lilikuwa hilo hilo moja. Susu alipokuja kufunua kithembe, nusu ilikuwa imekwenda.

Macho yote yalimgeukia Mwende. Alikuwa mgeni, hana mtoto bado, na maneno hayakukawia: eti anakula vya kwao kabla havijawafikia. Mwende ndiye aliyekuwa akinifundisha kusuka kyondo, kikapu chetu cha nyuzi. Nilimwona akilia, na mimi nikaendelea kusokota nyuzi zangu kama sijui lolote.

Baba akamwita Syokau, mwanamke mpiga ramli aliyesifika kwa kufichua vilivyopotea. Alikuja jua likiwa utosini, mama mfupi, ugoro puani. Mimi nilitarajia maajabu. Yeye alianza kwa kuzunguka tu. Alikagua ngazi ya ghala, akanusa mfuniko wa kithembe, akaweka vidole vyake juu ya alama za vidole zilizokauka ukingoni, akaona vyake ni vikubwa kuliko alama. Ndipo akaketi, akamwaga mbegu za kibuyu chake, akaanza kupiga uzi wa upinde wake, sauti ile ile moja, mpaka kuku uani wakanyamaza.

Nyuki akatua kwenye gauni langu, hapa tumboni. Mama alikuwa amelifua mara mbili tangu siku ile. Akaja wa pili, kisha wa tatu. Hawakuniuma. Walitembea polepole juu ya kitambaa wakipapasa. Syokau aliacha kupiga upinde, akanitazama. Nikangoja kidole chake.

Hakukinyoosha. Alizoa mbegu zake, akamgeukia Baba, aliyekuwa ameshasema kwamba mwizi asipofichuka ataapa mbele ya wazee.

"Wewe usiape."

"Kwa nini nisiape?"

"Nimesema. Usiape kwa ajili ya nyumba yako. Uliza watu wako kwanza."

"Nyumba yangu haina mwizi, mwaitu," Baba akamjibu, akimwita mama kwa heshima, lakini amekasirika.

Hakutuuliza. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na alilifanya kwa kutupenda. Siku tatu baadaye wazee walileta kithitu, kile kitu cha kuapia, kimefungwa kwenye ngozi, wakakiweka nje ya boma. Wanawake na watoto tulikatazwa kusimama upande unakovumia upepo wake. Muthoka aliapa kwa ajili ya nyumba yake. Kisha Baba akakigonga kwa kijiti mara saba, na sauti yake ikatufikia wazi: "Kama kuna mtu wa nyumba yangu aliyekula asali ile, kiapo hiki kinile mimi." Watoto hatukuapishwa. Mtoto yumo ndani ya kiapo cha baba yake.

Muda uliowekwa wa kiapo kumwua mwongo ulikuwa miezi saba. Mwezi wa tano Baba alishikwa na homa, hakuamka tena kitandani. Wazee wakaja na mbuzi, kwa maana kiapo hicho kina dawa yake: mtu akikiri, hutakaswa, akapona.

"Kiri tu, tukutakase," walimwambia.

"Nikiri nini? Mimi sikukula."

Walikaa mpaka jua likapinduka, kisha wakaondoka na mbuzi wao. Mimi nikaingia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, naapa nilikuwa nimeufungua, Baba alipotabasamu.

"Ndinda, wewe unajua baba yako si mwongo."

"Ndio, Baba."

Akaomba maji, nikamletea. Nyuki mmoja alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kata. Nikampeperusha kwa mkono. Siku ya pili yake Baba akafa.

Watu walikwenda kumwomba Mwende msamaha, sisi tukawa watoto wa mwizi. Susu hakulitaja tena jina la mwanawe. Mwende alikuja kunisuka nywele, akaninong'oneza, "Usilie. Alikuwa mtu mzuri hata hivyo." Hilo "hata hivyo" ninalo mpaka leo.

Nimekuwa mwalimu, nimefundisha habari za mbu na malaria miaka mingi. Ninajua pia kwamba nyuki hufuata harufu ya asali hata kwenye nguo iliyofuliwa. Majibu yote ninayo na hayanisaidii. Kwa muda mrefu nilimchukia Syokau kwa kutoninyooshea kidole. Sasa naona kwamba aliniachia nafasi niseme mwenyewe. Alinidhania jasiri kuliko nilivyokuwa.

Jana mjukuu wangu alikuja kuchukua kitabu chake, akaniuliza kama nilimjua mwizi mapema. Nikamwambia aketi. Nilimweleza yote, naye ndiye wa kwanza kuyasikia, kwamba baba yangu hakuwa mwizi wala mwongo, na asali niliila mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, taratibu, akapeperusha kitu begani kwangu.

"Nyuki tu, Susu," akasema.