Rangi Iliyokauka Siku ya Sabato

Ijumaa iliyopita nilikuwa gereji hapa Kisii, baiskeli yangu ikizibwa pancha, mara mzee mmoja wa Nyacheki akaingia na gari alilouziwa na Mzungu wa Sotik anayerudi kwao. Nyuma lilikuwa na nembo ya klabu ya Mzungu huyo. Mzee alikuwa ameing'oa kwa kisu cha kumenyea ndizi, na rangi ikatoka nayo, jeraha la ukubwa wa kiganja.

"Fundi, Jumapili gari hili linampeleka binti yangu kanisani kuolewa. Wakwe waone hivi?"

Fundi, aliyekuwa ametoka msikitini muda huo huo, alipiga msasa, akaziba matundu, akapaka rangi. Mzee akanyoosha kidole aiguse. Fundi akamdaka mkono. Mzee akatazama jua linavyoshuka.

"Kesho nakuja kulichukua... La, kesho ni Sabato. Sisi Wasabato hatuendi gereji siku hiyo. Basi nimekwama."

Fundi alicheka mpaka akakalia gurudumu. "Hujakwama, mzee wangu! Wateja wote huja kesho yake na vidole vyao. Rangi inataka siku nzima bila mtu kuigusa. Nenda kasali, uje Jumapili asubuhi."

Jumapili asubuhi nilipita makusudi. Jeraha halikuonekana. Mzee aliinama, akajiona ndani ya rangi, akavua kofia.

"Asante sana, fundi."

"Mimi nishukuru kwa kazi ya juzi," fundi akajibu. "Ya jana mshukuru aliyekukataza kuja."

Nanyi wasomaji wa safu hii mnaoniandikia kila wiki mkibishana siku takatifu ni ipi, kalitazameni kwanza gari lile. Lakini msiliguse.