Krismasi Niliyovaa Ovaroli

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka natazama chini hata kama niko peke yangu. Sijawahi kukusimulia kwa mdomo, kwa sababu maneno mazito hunishinda nikiwa mbele ya mtu. Wacha niyaandike. Ukishajua kusoma utayakuta.

Wakati huo sikuwa nimeoa. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nikaja Nairobi, nikapata kazi ya usafi katika nyumba za ghorofa kule Kilimani. Niliosha ngazi, nikamwagilia maua, nikatoa takataka. Chumba nilikipanga karibu na Dagoretti Corner pamoja na rafiki yangu Shem, fundi wa viatu. Kila Desemba watu wa kwetu magharibi hufunga mizigo wakaenda nyumbani, na mimi nilikuwa nikienda kila mwaka. Lakini mwaka huo nilijiona nimeshakuwa mtu wa mji. Nyumbani ningelima, ningezungushwa kusalimia kila shangazi, na saa mbili ningekuwa nimelala.

Shem naye alinitia maneno. "Wewe kila mwaka ni ushago tu," alisema. "Kaa siku moja uone vile watu hula Krismasi."

Meneja alitupa likizo tangu Ijumaa mpaka wiki ya kwanza ya Januari iishe. Jioni ile ile nikampigia baba simu. Nikamwambia, "Baba, mwaka huu hatukuruhusiwa kutoka. Wapangaji wamesafiri, sisi ndio tutaangalia nyumba."

Baba akasema, "Kazi ni kazi."

Nyuma yake nilimsikia mama akiuliza, "Sasa atakula Krismasi peke yake kama mtu asiye na kwao?"

Nikakata simu, na moyo ukawa mwepesi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi siku hiyo niliiona ndefu, na ina lami.

Krismasi ilipofika tulienda Jamhuri Park, mimi na Shem na vijana wengine wa ploti tuliyopanga. Kulikuwa na bembea, muziki, na watoto waliovaa nguo mpya. Hata mimi nilikuwa na viatu vipya, vyeupe. Nilikuwa kwenye foleni ya bembea wakati simu ilipolia. Alikuwa Musyoka, askari wa geti kule kazini.

"Uko wapi wewe?" akaniuliza. "Buda yako ako hapa kwa geti na kikapu. Anasema amekuletea Krismasi."

Mwanangu, nilitoka kwenye foleni. Baba yangu hakupenda mji. Mara ya mwisho kufika Nairobi nilikuwa bado nanyonya. Sasa alikuwa amesafiri usiku kucha kwenye basi, na kikapu mapajani, akaulizia njia mpaka Kilimani, ili mtoto wake asile peke yake.

Hapo ningeweza kwenda kwake nikasema ukweli. Badala yake nikapanda bodaboda, na getini sikushuka. Nilipitia mlango mdogo wa nyuma, ule wa kutolea takataka, nikaingia stoo, nikavaa ovaroli juu ya nguo zangu, nikalowesha mikono kwenye ndoo. Kisha nikatoka mbele nikijipangusa, kama mtu aliyekatizwa kazi.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha Musyoka, kofia gotini, kikapu katikati ya miguu. Alinitazama kuanzia usoni akashuka mpaka chini, kwenye viatu vyeupe. Macho yake yakakaa pale kidogo, kisha yakarudi juu.

"Kazi ni nyingi?" aliuliza.

"Ni nyingi, baba. Lakini nitaiba dakika chache tukae."

"Basi tukae. Sitakuchelewesha."

Musyoka aligeuka, akaangalia barabara.

Tulikaa kwenye ngazi za nyuma. Mama alikuwa amekaanga jogoo mzima na kusonga ugali wa wimbi, akaufunga kwa kitambaa. Baba aliomba. Aliombea chakula, akamwombea mama, akaombea safari yake ya kurudi. Kazi yangu hakuitaja. Nililiona hilo, nikajifanya sikuliona.

Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye boma. Mtoto haigusi baba akiwepo, hata akiwa mtoto wa ndevu. Baba aliichukua kwa vidole, akaiweka mbele yangu. Nikasema, "Hapana, baba, hiyo ni yako." Akasema, "Leo mimi ni mgeni. Hapa ni kwako. Kula." Nikala. Nilitafuna kitu kile mpaka taya zikauma, na hakikutaka kushuka.

Nilipomwomba alale hata usiku mmoja, alitabasamu. "Ng'ombe hawajui kama leo ni Krismasi," akasema. Akavaa kofia yake, akaniacha na kikapu, akaenda kutafuta basi la mchana.

Nilipokuwa narudi kuvua ovaroli, Musyoka aliniita.

"Mzee wako ni mtu," alisema. "Alipofika nilimwambia hauko, ulipewa likizo tangu Ijumaa. Mimi ningejuaje? Akavua kofia. Halafu akaniambia, 'Ni mimi nimesahau, kijana. Aliniambia. Ni uzee huu.' Akaniomba nikupigie, lakini nisikwambie kitu. Nilikuwa ninyamaze, lakini hiyo ovaroli imenishinda."

Niliingia stoo nikakaa juu ya ndoo. Kumbe baba alijua kabla sijatokea. Aliponiuliza kama kazi ni nyingi, alikuwa ananifungulia mlango nitoke, na mimi nikaufunga kwa mikono niliyoilowesha mwenyewe. Tena mbele ya mtu asiyemjua alikubali kuitwa mzee msahaulifu, ili mimi nisiitwe mwongo.

Shem alipiga simu mara nne. Sikuishika.

Siku tatu nilizunguka na jambo hilo. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha wangu kwa kitambaa cha baba. Siku ya nne nikaenda nyumbani. Mama aliniona nikiingia, akawaita majirani waje wamwone kijana aliyepewa ruhusa. "Baba yako alitusimulia," alisema. "Alikukuta umevaa ovaroli, mikono imelowa maji. Hata kanisani wamekuombea."

Nilimtazama baba. Alikuwa ananoa panga, na hakuinua kichwa.

Majirani walipoondoka, mama akaleta chai. Nikasema yote nikiangalia ndani ya kikombe: likizo, bembea, mlango wa nyuma, maji ya ndoo. Nilipomaliza, mama akasema polepole, "Yule alikuwa jogoo wangu wa mbegu." Akakusanya vikombe, hata changu ambacho sikuwa nimekunywa, akatoka nje.

Ndipo baba akaweka panga chini. Hakupandisha sauti. "Umekawia, lakini umefika," alisema. "Mimi na mama yako tumeishi miaka yote hii, na hajawahi kupata neno la uongo kutoka kwangu. Nilipotoka kwako nilichagua maneno ya kweli, ovaroli na maji, nikayatumia kumdanganya. Usingekuja, ningezikwa nayo. Kama hukutaka kuja nyumbani, ungesema hutaki. Ningeumia siku moja, nikapona."

Mama hakuniita kwa jina kwa siku mbili. Siku ya tatu alinipa jembe, akanionyesha nianzie wapi. Nililima mpaka likizo ikaisha, na sijawahi kulima kwa shukrani namna ile.

Babu yako unayemjua, anayekubeba begani kila Desemba, ndiye huyo. Ndiyo maana nikiwa naye unaniona nasema kidogo.

Sasa nikuusie, mwanangu. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Marafiki wa bembea ni watu wazuri, lakini hakuna aliyeniuliza nilikula na nani. Sikukuu ikifika, nenda kwa wazazi wako. Na kama huwezi, au moyo hautaki, waambie hivyo hivyo, kwa maneno machache, hata kama sauti inatetemeka. Ukweli utawauma, lakini wataweza kuuweka chini. Uongo wako wataubeba daima, kwa sababu mzazi hukubali kuaibika ili mtoto asiaibike, na hilo ndilo usiwafanyie. Mimi pia ni mzazi wako. Siku ukiwa na jambo la kuniambia, nitajaribu kukufungulia mlango. Pita.

Mungu akupe miguu isiyosahau kwenu, na mdomo usioogopa baba yako. Uwakute babu na bibi wakiwa hai na wenye nguvu, uketi nao, ule nao, na chakula kikushuke vizuri.