Magunia ya Uzi wa Kijani

Harufu ndiyo iliyomshtua. Mama Tangawizi, kama wanaushirika wenzake walivyozoea kumwita, alirudi kutoka hospitali alikokuwa akimuuguza mjukuu, akafungua ghala lake dogo nyuma ya jiko, akanusa dawa ya wadudu.

Mdogo wa marehemu mumewe akatokea akichekelea. Alisema aliona mchwa wakipanda ukutani, akawapulizia.

"Nimewafyeka wote, shemeji. Hata asante hunipi?"

"Magunia yangu ya tangawizi yalikuwa humu?"

Yalikuwamo. Na asubuhi hiyo, kwa wema ule ule, alikuwa ameyasukuma kwa mkokoteni hadi ghala la ushirika.

Mama Tangawizi alishika njia ya kwenda huko. Tangawizi yao hununuliwa ng'ambo kwa sababu moja tu: haijaguswa na dawa. Huko hupimwa maabara. Ikionekana chembe, shehena nzima hukataliwa na wakulima wote hunyang'anywa cheti cha kilimo kisichotumia dawa. Dawa yenyewe hutengenezwa huko huko, ikaletwa kwetu tuinyunyize, kisha wao wakakataa kuila. Kosa likitokea, hasara humwangukia mwenye jembe. Mwenye kiwanda haulizwi.

Kila mwanachama hushona midomo ya magunia yake kwa uzi wa rangi yake. Wake ni kijani. Alipofika mlangoni, nyuzi za njano na nyekundu zilikuwa zimetapakaa chini, na mashine ya kuchambulia ilikuwa ikinguruma. Tangawizi ikishamwagwa humo, haijulikani tena ni ya nani. Wazo likampitia: akinyamaza, nani atajua? Kisu cha msimamizi kilikuwa kimegusa uzi wa kijani.

"Usikate, baba. Hayo yana dawa."

Mashine ikazimwa. Msimamizi akamuuliza kama anaelewa anachosema, maana shamba lake litaanza upya kukaguliwa, na kwa misimu kadhaa atauza kwa bei ya kutupa.

"Naelewa. Yatoe kabla sijageuza maneno."

Shemeji, aliyemfuata na mkokoteni, aliyapakia tena moja moja. Mama Tangawizi alishika ubavu wa mkokoteni ili yasianguke. Wakatoka. Mkabala na lango, duka la pembejeo lilikuwa wazi kama kila siku, chupa za dawa ile zimepangwa dirishani, na hakuna mkaguzi aliyewahi kulikanyaga.