Kikombe Kisichozidi Punje ya Dengu

Niliondoka Shinyanga kwa ajili ya jicho moja la dada yangu Kabula. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilipasuliwa katika hospitali moja ya misheni upande wa Geita, lakini koleo lilichana ngozi nyembamba inayofunika lenzi, ukungu ukabaki ndani, jicho likafa. Daktari wa pale, Mzungu mwenye tahadhari, alikataa kuligusa la kulia kwa koleo lile lile. Aliniambia kwamba Ulaya wana kikombe kidogo chenye mpira, kinachoifyonza lenzi na kuitoa nzima, ila bei yake hospitali haiiwezi. Akanichorea. Mimi ni fundi saa, akaniuliza kama naweza.

Kazi ile ilinichukua miezi. Kikombe nilikichonga kutoka kasha la saa mbovu ya fedha, nikasugua ukingo hadi usikwaruze ulimi. Mpira niliutoa ndani ya kalamu ya wino. Nilijaribu kwa macho ya mbuzi, na kwa muda mrefu kiliteleza, mpaka nilipogundua kwamba ukingo lazima uinamie ndani kidogo. Mchinjaji wa sokoni aliyeniwekea macho hayo alizoea kuniuliza mbele ya watu kama nayakaanga au naroga. Nilimjibu kwamba siku nitakayomroga nitampa taarifa.

Katika treni ya kwenda Mwanza nilikaa karibu na mchimbaji wa almasi kutoka Maganzo. Kikombe kilikuwa katika kopo la tumbaku, kimefunikwa kwa pamba, nami nililigusagusa kila mara mfukoni. Tulipopita Malampaka akaniinamia sikioni.

"Mzee, jiwe lako lina uzito gani?"

Nikamweleza kuwa ni kifaa cha kutibia macho. Akacheka, akasema kwao Maganzo kila mtu ana jina lake la kuliita jiwe. Kisha akanishauri niache kulishikashika, maana wezi husoma mikono. Nilimtii hadi Mwanza.

Kesho yake nilivuka mkono wa ziwa kwa kivuko mpaka Busisi, kisha nikapanda lori lililobeba mapipa ya mafuta ya mgodini. Vumbi la njia ile ni jekundu na linaingia popote. Nilifika hospitalini jioni, kopo nimelifunga ndani ya leso mbili.

Dada alikuwa amekaa mkekani. Alinijua kwa kikohozi kabla sijamwamkia.

"Marahaba," alisema. "Umekileta?"

Nikakiweka kiganjani mwake. Akakitafuta kwa kidole.

"Hiki? Nilidhani utaleta kitu."

Asubuhi Mama Yohana, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alimkata dada kope za jicho la kulia, kisha akachemsha vyombo. Alipofunua sufuria na kukiinua kikombe kwa kibano, mpira ulikuwa umelegea na kunata kama ulimbo. Nyumbani nilikuwa nakisafisha kwa spiriti tu. Sikuwahi kufikiri kwamba chombo cha hospitali kwanza hupita katika maji ya moto. Daktari alisema kwa upole kwamba bila kuchemshwa hakiingii jichoni mwa mtu, na koleo harudii. Mgonjwa arudi nyumbani.

Nilikwenda kumwambia dada mwenyewe. Akapapasa jicho lake.

"Na kope zangu mmekwisha kuzikata," alisema.

Mchana alikuja mwanawe, Masanja, kibarua wa mgodini, amchukue mama yake kwa baiskeli. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekwisha upepo. Akafungua valvu, akatoa mfukoni kampira kapya kembamba, kale kanakovalishwa kwenye valvu ili upepo usirudi, akakalowesha mate. Nikamshika mkono.

"Nipe hako."

"Mjomba, na mama nitamrudishaje?"

"Harudi leo."

Nilikavalisha kwenye shina la kikombe, nikafunga ncha ya pili kwa uzi. Mama Yohana alichemsha, tukasubiri, akachemsha tena. Kalitoka kama kalivyoingia. Jikoni walikuwa wamechinja mbuzi. Daktari alijaribu kwa jicho moja la mbuzi huyo, akabana, akaachia, lenzi ikanyanyuka. Alirudia jicho la pili. Alisema kampira haka kanavuta polepole kuliko ule wa kalamu, na polepole ndiko alikokuwa anakutaka.

Siku iliyofuata nilikaa ngazini nje ya chumba cha upasuaji, pamoja na Masanja. Mlango ulipofunguka Mama Yohana alikuwa na kibakuli. Ndani yake kulikuwa na kitu cha duara, cha rangi ya kahawia, kama punje ya dengu za kwetu.

"Nzima," alisema.

Masanja alimshukuru Mama Yohana kwa Kisukuma, "wabeja", kisha akaushukuru na mlango.

Dada alilazwa chali, macho yamefungwa, akakatazwa hata kukohoa. Bandeji ilipofunguliwa kwa mara ya kwanza nilikishika kikombe mbele yake.

"Dada, unakiona?"

"Sioni kitu."

Mama Yohana aliacha kukunja bandeji. Daktari akasogea.

"Mkono wako nauona," dada akaendelea. "Kucha ya gumba imepasuka. Hicho kikombe ndicho sikioni."

Daktari akapumua, akaeleza kwamba jicho lisilo na lenzi halioni vitu vidogo mpaka lipate miwani minene. Dada akasema basi kosa ni la fundi, angetengeneza kikubwa.

Siku ya kuondoka kwangu alinisindikiza hadi kwenye lori. Alinishika mkono kama alivyozoea miaka yote ya giza, nami nikatembea polepole kwa mazoea yale yale, nikimtazama usoni. Ghafla akanivuta kando.

"Dimbwi hilo. Huoni?"

Nilirudi kwa lori, kivuko na treni, kopo likiwa tupu, kwa kuwa kikombe nilikiacha hospitalini, na daktari ameniagiza vingine. Safari hii imenifundisha kwamba kifaa hakijaisha kinapofanya kazi mezani kwangu, bali kinapovumilia mahali kinapokwenda. Kwa hiyo sasa kila kikombe kinaanza kwa kuchemka jikoni mwetu, pamoja na mpira wake wa valvu. Mke wangu amenitengea sufuria moja, na amenikataza kugusa ya uji.