Nilirudi kupima mabaki ya wahunzi upande wa Rwamgasa, nikakuta yamefagiliwa

Wakuu, poleni na majukumu. Hiki ni kisa changu mwenyewe na si chai, jina tu la mama mwenye nyumba ndilo nimebadilisha.

Kazi yangu ni malikale. Kabla barabara haijachongwa, mimi natangulia kuangalia kama njiani kuna vitu vya kale au makaburi, kisha namshauri mwenye mradi apite wapi. Kutwa nzima natembea taratibu nimeinamisha kichwa. Mama yangu kule Ibadakuli huwaambia majirani kwamba alinisomesha hadi chuo kikuu ili nikaokote vigae.

Lakini inanifaa. Tangu utotoni mimi ni mtu wa kuzubaa.

Basi, nikapewa kipande cha barabara mpya upande wa Rwamgasa. Ziara ya kwanza, nyuma ya nyumba ya Mama Kulwa, nikakuta ardhi imejaa mavi ya chuma, yale masalia meusi yanayobaki watu wakiyeyusha mawe kupata chuma. Na vipande vya mirija ya udongo iliyopeleka upepo kwenye tanuri. Wahunzi wa zamani walikuwa hapo!

Mstari wa barabara ulipita katikati yake.

Nikajaza fomu mbele ya Mama Kulwa, mumewe na mwenyekiti wa kitongoji. Kuna kaburi hapa? Hakuna, wakajibu wote. Nikaaga, nikasema nitarudi wiki ijayo kupima kila kipande pale kilipolala.

Nikarudi asubuhi. Ukungu mwembamba ulikuwa juu ya mashamba ya pamba, na kwa mbali karasha za wachimbaji, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zinaunguruma hadi unasahau kama zipo. Nilijiona kama natembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Kufika, pamefagiliwa.

Wakuu, pamefagiliwa mpaka michirizi ya ufagio inaonekana! Kila kitu kimekusanywa lundo moja pembeni. Mwenyekiti alitangaza kwamba wageni wanakuja, na Mama Kulwa ni mwanamke mwenye adabu zake. Hakutaka wageni wakute uchafu nyuma ya nyumba yake.

Kwenye kazi yetu, kitu kikishahamishwa pale kilipolala kimepoteza nusu ya maneno yake. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, kama mama yangu mzazi.

"Mwangaluka, mwanangu. Umepaonaje? Nimepasafisha."

Nikamweleza taratibu. Akajishika mdomo.

"Basi navirudisha. Najua kila kimoja kilipokuwa."

Na kweli akaanza. Beseni kiunoni, anainama, anaweka, anasogea, anafikiri, anaweka tena. Jua likapanda nikimwangalia tu, sijui hata ni saa ngapi zilipita.

Ndipo nikaona kuna sehemu anaizunguka. Padogo tu, kama hatua mbili, na majani yake hayakuguswa na ufagio. Hata beseni likiwa zito, anazunguka.

"Hapo hapakuwa na kitu, mayu?"

"Hapana."

Nikazinduka. Mimi Msukuma kabisa, wiki nzima naita Mama Kulwa, Mama Kulwa. Kulwa ni pacha wa kwanza. Wa pili huwa Doto. Sikuwahi kumuuliza.

Nikaweka fomu chini.

"Doto yuko wapi, mayu?"

Akapanga vipande vitatu zaidi. Kisha akasema, "Yuko hapo."

Aliishi siku tisa. Wanawake walimzika bila kuinua tuta, na wazee wakamkataza mama yake kulia, kilio kisije kikamwita na Kulwa amfuate pacha wake. Kulwa sasa ana watoto wake, anachimba dhahabu huko kwenye maduara. Na bado mama hakuwahi kulia.

Nikamwambia ukweli. Mavi ya chuma hayazuii barabara. Yatapigwa picha, yatawekwa kwenye mifuko, greda lipite. Kaburi ni habari nyingine, ila nikiliandika watakuja kumwomba lihamishwe.

"Wahamishe nini?" akasema. "Mtoto wa siku tisa! Watachota udongo tu. Andika abaki."

Nikaandika. Vipande nikaeleza kwamba vilifagiliwa na kurudishwa kwa kumbukumbu, sikuficha. Halafu: kaburi moja, la mtoto, mama hataki lihamishwe, barabara isogezwe. Mhandisi alinuna siku mbili, kisha akaisogeza.

Nilimpelekea Mama Kulwa habari mwenyewe. Nilitegemea vigelegele, nisiwadanganye.

Mama Kulwa aliketi kando ya yale majani, akanyoosha miguu, akalia. Kwa sauti kubwa, kama msiba wa jana. Majirani wakatoka, khanga viunoni, wakaja mmoja mmoja wakaketi naye. Hakuna aliyeuliza nani amekufa.

Niliondoka na gari lenye mifuko ya vigae huku nikijiona sijui lolote kuhusu kazi yangu.

Siku hizi simuulizi mama yeyote kuhusu makaburi mbele ya mumewe na mwenyekiti. Nakaa naye jikoni, namuuliza alizaa wangapi na wako wapi. Fomu nitaijaza baadaye.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nanyi nyuma ya nyumba ya mama yenu kuna mahali asipopakanyaga? Mliwahi kumuuliza?